Watashi no Shiawase na Kekkon: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazamaji wa Lamu

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wasichana, mama zao na vijana wachache wa kiume wa Langoni, Mkomani na Shela wanaoifuatilia anime hii, yaani katuni ya Kijapani ya vipindi. Nimeanza na ya wepesi nikamalizia na mazito. Baada ya fungu la kwanza nafichua mambo ya hadithi, kwa hiyo ambaye hajatazama asome hilo tu, akatazame, kisha arudi.

## Ya kuanzia

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Miyo Saimori ana miaka 19. Amezaliwa katika ukoo wa heshima ambao watu wake hurithi vipawa vya ghaibu, lakini yeye hakuonyesha kipawa chochote. Mama yake, Sumi, alifariki Miyo akiwa mdogo sana. Baba yake, Shinichi, akamwoa Kanoko, akazaliwa Kaya, na Kaya akaonekana mapema kuwa na jicho la kuona viumbe wasioonekana. Tangu hapo Miyo akawa mtumishi ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe. Anafagia, anapika, anavaa nguo zilizochakaa na anakula yaliyobaki.

Siku moja baba anamwita na kumwambia ameshaposwa. Anapelekwa kwa Kiyoka Kudo, kamanda wa jeshi mwenye miaka 27, ambaye inasemekana wachumba waliotangulia hawakumaliza siku tatu nyumbani kwake. Hadithi ya mapenzi inaanzia hapo. Maswali karibu yote ninayoulizwa, hata hivyo, yanahusu nyumba aliyotoka.

Imetoka lini, na inapatikana wapi?

Ilianza kama riwaya za Akumi Agitogi, zilizowekwa kwanza mtandaoni na kuanza kuchapishwa vitabu mwaka 2019. Anime imetengenezwa na studio ya Kinema Citrus. Msimu wa kwanza ulitoka kati ya Julai na Septemba 2023, na wa pili kati ya Januari na Machi 2025. Yote miwili imo Netflix, ambako wengi huijua kwa jina la My Happy Marriage. Ipo pia filamu ya waigizaji ya Machi 2023, lakini huhitaji kuiona ili kuelewa anime.

Hiyo ni Japani ya kweli au ya kubuni?

Ya kubuni, lakini imefuata sana Japani ya enzi za Meiji (1868 hadi 1912) na Taisho (1912 hadi 1926). Ndiyo maana unaona magari ya kwanza kwanza na suti za Kizungu zikipishana na kimono, vazi la jadi la Kijapani.

Kitu kimoja kinachowatatiza wengi ni uwezo wa baba kumwoza binti mkubwa bila hata kumuuliza. Hilo halikubuniwa. Sheria ya kiraia ya Japani ya mwaka 1898 ilimpa mkuu wa nyumba sauti juu ya ndoa za watu wake wote, na ilitaka ruhusa ya wazazi kwa mwanamume aliye chini ya miaka 30 na mwanamke aliye chini ya miaka 25. Kwa hesabu hiyo Kiyoka mwenyewe, pamoja na upanga na cheo chake, angehitaji ruhusa. Mambo yalibadilika kwa katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947, ambayo ibara yake ya 24 inasema ndoa isimame juu ya ridhaa ya wawili wanaooana peke yake.

Inafaa kwa mtoto wa umri gani?

Mapenzi yenyewe yana staha kubwa, mtu anaweza kutazama na bibi yake bila kukohoa. Kizito ni mateso ya nyumbani katika sehemu za mwanzo, na mapigano ya ghaibu baadaye. Mimi nisingemwachia mtoto wa chini ya miaka 12 atazame peke yake.

## Baba, mama wa kambo na nyumba ya Saimori

Nani mbaya zaidi: Kanoko, Kaya au baba yao?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila mara jibu la kwanza la watu ni Kanoko. Lamu hatuhitaji kushawishiwa. Tumelelewa na methali ya kwamba mama wa kambo si mama, na kila ngano ya bibi ina mmoja wao. Kanoko anafoka, anapiga, anatupa vitu vya marehemu Sumi, na Miyo alipokuwa bado mtoto alimfungia ghalani. Yaya Hana, mtu pekee aliyempenda yule mtoto, alifukuzwa. Ni rahisi kumchukia Kanoko kwa sababu uovu wake unaonekana na una sauti.

Mimi namweka Shinichi mbele yake, na sitaki kulainisha hilo. Nyumba ni yake. Jina ni lake. Watumishi wanalipwa naye. Kanoko hakuweza kumwondoa Hana wala kumshusha binti mkubwa wa nyumba hadi jikoni bila mwenye nyumba kukubali, na mwenye nyumba alikubali kwa kutosema neno. Tazameni tena sehemu ya kwanza, pale wote wamekaa sebuleni na Miyo anaitwa kuelezwa habari ya posa. Baba anatamka jina la mume, anatamka kwamba uamuzi umeshapita, na hamtazami binti usoni hata pale Kaya anapofurahia msiba wa dada yake mbele yake. Hapigi, hafoki. Anapanga maisha ya mtu mzima kama anayepanga kuhamisha kabati kutoka chumba kimoja hadi kingine, kisha anarudi kwenye shughuli zake.

Mzazi anayetawala kila kitu huwa tunamtarajia awe na fimbo. Shinichi hana fimbo, na ndiyo sababu watazamaji wengi humpita. Ukitaka kujua nani anatawala nyumba, angalia ni nani angeweza kusimamisha jambo kwa sentensi moja na hakuisema.

Lakini baba naye si alilazimishwa?

Kweli, na hadithi haifichi. Shinichi alikuwa na Kanoko kabla. Wazazi wake walimtenganisha naye ili amwoe Sumi, kwa kuwa damu ya Sumi ilikuwa na kipawa kikubwa na ukoo ulikitaka. Sumi naye hakwenda kwa mapenzi. Kwao kulikuwa na shida ya fedha, na fedha za Saimori zikaiokoa nyumba yao. Watu wawili wakaunganishwa na wazee wao, kila mmoja akiwa na lake moyoni.

Wanaomtetea Shinichi husema basi naye ni mhanga. Nakubali alionewa. Sikubali kwamba hilo linampunguzia. Mtu aliyejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kuamuliwa mke ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kumuuliza binti yake, "Wewe mwanangu unasemaje?" Badala yake akamlipisha mtoto deni la ndoa ambayo mtoto hakuifunga. Kila alipomwona Miyo alimwona Sumi, na hakutaka kumwona Sumi.

Kanoko pia anaeleweka kwa njia hiyo. Alinyang'anywa mchumba, akarudishwa baada ya Sumi kufa, na ndani ya nyumba akamkuta mtoto mwenye sura ya yule aliyechukua nafasi yake. Kuelewa chanzo cha chuki yake hakumpunguzii Miyo kofi hata moja.

Mbona Miyo hajibu, hakimbii, anaomba msamaha tu? Inakera.

Naomba wanaokereka wavumilie sehemu tatu za mwanzo. Miyo anaomba msamaha kwa kuulizwa jina, kwa kupewa chakula, kwa kukaa karibu na mtu. Kiyoka anapomwambia siku ya kwanza kwamba lazima amtii kwa kila jambo, hata akimwambia afe, anajibu ndiyo papo hapo, bila kutetemeka, mpaka yule mkali anashangaa. Wasichana wengi hulalamika hapo: "Huyu hana akili?"

Akili anayo. Amejifunza kwa miaka kwamba kila alichosema kiligeuka adhabu, na kwamba mtu mmoja aliyemtetea alifukuzwa. Angekimbilia wapi? Miyo hana fedha, hana elimu aliyopewa dada yake, hana ndugu wa kwa mama anaowajua. Mtoto aliyekulia hivyo haoni mlango hata ukiwa wazi.

Angalieni tukio la supu. Asubuhi ya kwanza Miyo anaamka mapema, anapika, anaandaa, na Kiyoka anakataa kula kwa kushuku sumu. Miyo hajitetei, anaondoa chakula na kuomba radhi. Baadaye Kiyoka anaonja supu yake ya miso na kusema ni tamu. Miyo analia. Kiyoka hajui amefanya nini, wala hana namna ya kujua kwamba hilo ni neno jema la kwanza alilosikia tangu aondokewe na Hana. Kwangu hakuna tukio katika misimu yote miwili linaloeleza malezi yale vizuri zaidi, na hakuna anayepigwa ndani yake.

Aliposema hapana katika sehemu ya 6, hakuvunja radhi ya wazazi?

Swali hili huletwa na akina mama, na nalichukua kwa uzito kwa sababu radhi ya mzazi kwetu si jambo la mchezo. Kwa wasiokumbuka, Miyo anatekwa na kurudishwa kwenye ghala lile lile la utotoni, na humo Kanoko na Kaya wanamtesa na kumtaka atamke kwamba anaachana na Kiyoka ili Kaya achukue nafasi. Kwa mara ya kwanza maishani Miyo anakataa.

Tulivyofundishwa madrasa, mzazi anatiiwa katika lililo jema, na hakuna kutii kiumbe katika kumuasi Muumba. Kumfunga mtu na kumlazimisha avunje ahadi ya uchumba ili dada yake afaidi si jema kwa mizani yoyote. Tena Miyo hatukani, hainui mkono, hata halaani. Anasema tu kwamba hilo hawezi kuliachia. Ikiwa adabu ni kipimo, hakuna aliyekuwa na adabu zaidi yake ndani ya ghala lile.

Baadhi hunijibu kwa methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ile inamhusu mzazi anayeogopa kumrekebisha mtoto wake. Miyo hakuwa na kosa la kurekebishwa.

Adhabu waliyopata inatosha?

Nyumba ya Saimori inateketea, baba na mke wake wanahamia shamba wakiwa wameporomoka, na Kaya anapelekwa kutumika katika nyumba nyingine yenye ukali. Wengine walitaka kuwaona wakipiga magoti. Mimi nimetosheka kuona kwamba hadithi haikumlazimisha Miyo kuwasamehe mbele yetu ili sisi watazamaji tulale vizuri.

## Posa, mahari na idhini

Kama ndoa ilipangwa, hayo ni mapenzi ya kweli?

Huku kwetu swali hili lina majibu ndani ya kila nyumba. Wapo mabibi wa Mkomani waliomwona mume wao siku ya harusi na wakakaa naye miaka hamsini kwa upendo unaoonekana. Wapo wengine ambao mpaka leo hawataki kuzungumzia siku ile. Kupangwa peke yake hakuamui.

Kinachoamua katika anime hii ni yanayofuata. Kiyoka anachunguza kwa nini binti wa ukoo mkubwa ana mikono ya mtumishi. Anamnunulia kitana na vitambaa vya kimono bila kumwaibisha. Anamtafuta Hana na kumleta wakutane. Miyo naye anamsukia kamba ya kufungia nywele kwa mikono yake. Nyumba ya baba ilimpa kila amri, na nyumba ya mchumba inamrudishia, kidogo kidogo, uwezo wa kuchagua. Mapenzi yao nayaamini kwa sababu hiyo.

Wanaosema Kiyoka naye ni mtawala, kwa kuwa ni tajiri, mkubwa na mkali, wana hoja katika sehemu mbili za mwanzo. Alianza vibaya. Baada ya hapo nadhani anajirekebisha waziwazi.

Miyo alinyamaza baba alipomtangazia. Kwetu kunyamaza kwa bikira si ndiyo idhini?

Hadithi ya Mtume (SAW) inayosema bikira aombwe idhini na kwamba idhini yake ni kunyamaza kwake inajulikana sana, na nimeisikia ikitumiwa kumtetea Shinichi. Mimi si mwanachuoni, lakini jambo la kwanza liko wazi: hadithi inaanza na kuombwa. Miyo hakuombwa chochote. Alipewa taarifa. Huwezi kuchukua kunyamaza kwa mtu ambaye hukumuuliza swali ukakuita jibu.

La pili, wengi wetu pwani hii ni Mashafii, na ni kweli kwamba madhehebu yetu yanampa baba nafasi kubwa ya kumwoza binti bikira. Lakini wanachuoni wa madhehebu hayo hayo wameifunga nafasi hiyo kwa masharti, na miongoni mwake ni pasiwe na uadui wa wazi kati ya baba na binti, na mume awe wa kulingana naye. Hata pale masharti yanapotimia, wanasema kumuuliza ni sunna. Pima mwenyewe kama baba aliyemwacha binti yake akila makombo kwa miaka anapita sharti la kwanza.

La tatu, kisa cha Khansa binti Khidam kimo katika Sahihi Bukhari. Alikuwa ameshawahi kuolewa, baba yake akamwoza tena bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume (SAW), na ndoa ile ikabatilishwa. Mabinti wengi ninaozungumza nao hawajawahi kukisikia. Wanapokisikia huuliza kwa nini hawakuambiwa mapema, na hapo huwaachia mama zao wajibu.

Upande wa serikali, ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazungumzia ndoa ya watu wazima kwa ridhaa yao ya hiari, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja miaka 18.

Mbona Kiyoka alidai wamwombe Miyo msamaha kabla ya kutoa mahari?

Hapa ndipo wazee wa kiume wanaotazama huamka. Kiyoka anakwenda kwa Shinichi akiwa tayari kutoa fedha nyingi, na fedha hizo nyumba ya Saimori inazihitaji sana. Sharti lake ni moja: wamwombe Miyo radhi, kwa dhati, uso kwa uso.

Shinichi hakujibu kama baba aliyechomwa moyo. Kwa mtu anayefikiri naongeza chumvi katika jibu kuhusu nani mbaya zaidi, nendeni mkalitazame tukio hili. Angeweza kupata mali na binti kwa maneno machache. Kiburi cha mzazi kikawa ghali kuliko mahari.

Mama yangu anasema Miyo ndiye mke wa utendi wa Mwana Kupona. Ni sawa?

Nusu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amuusie binti yake Mwana Hashima juu ya dini, adabu na kuishi na mume. Ukimwangalia Miyo anavyopika, anavyopokea na anavyosema kwa upole, unaona kwa nini mama amemkumbuka.

Tofauti iko kwa anayeongea. Mwana Kupona anamwita binti yake karibu, anazungumza naye kwa jina la mapenzi, anampa alichonacho kabla hajafa. Unaweza kubishana na usia wake, na wasichana wa leo wanabishana nao sana, lakini ni usia wa mama anayemjali aliyeketi mbele yake. Miyo hakuusiwa na mtu. Upole wake aliuokota peke yake katika nyumba isiyo na upole, na mimi siwezi kuwapongeza waliomlea kwa hilo.

## Mambo ya ghaibu

Wale viumbe ni majini? Ni shirki kuitazama?

Hadithi yao ni ya Kijapani. Wanafanana na majini kwa kuwa watu wa kawaida hawawaoni, lakini usitafute humo mafundisho ya dini yetu, hayamo. Utaona hirizi na karatasi zinazotumwa kama watumishi, na zote ni vyombo vya hadithi. Ambaye moyo wake hautulii amuulize mwalimu wake, nami sitamsukuma.

Kwani Miyo kweli hana kipawa?

Anacho, na ni kikubwa kuliko vya wote. Ni kipawa cha ndoto cha ukoo wa mama yake, Usuba, cha kuingia katika usingizi wa watu. Mama yake alikifunga Miyo akiwa mchanga. Alipoondoka nyumba ya Saimori kifungo kikaanza kulegea, na zile ndoto mbaya zinazomdhoofisha katika nusu ya pili ya msimu wa kwanza zinatoka hapo. Mwishoni anakitumia kumrudisha Kiyoka aliyekuwa amelala asiamke.

Basi Sumi naye si alimtawala mwanawe?

Nashukuru swali hili linaanza kuulizwa, kwa sababu wengi humweka Sumi pembeni kama malaika. Alimpenda mwanawe, hilo halina shaka. Alijua kwamba kipawa kile kikijulikana, mtoto angewindwa na wenye nguvu, hadi mfalme mwenyewe. Akakifunga ili amfiche.

Lakini uamuzi ule ndio uliomfanya Miyo aonekane bure mbele ya baba yake, na Sumi hakubaki hai kumweleza. Kwa hiyo Miyo aliishi miaka yote akiamini amezaliwa na kasoro. Naona waandishi walifanya jambo la ujasiri hapa: wametuonyesha mzazi anayeamua kwa chuki, mzazi anayeamua kwa kutojali, na mzazi anayeamua kwa mapenzi, na katika hali zote tatu mtoto ndiye aliyelipa. Sumi simlaumu kama ninavyomlaumu Shinichi. Alikuwa na muda mfupi na njia chache. Lakini mama anayesema "nilificha kwa faida yako" ajue kwamba mtoto aliishi gizani wakati huo wote, na ana haki ya kulia kwa hilo hata akikubali kwamba alipendwa.

Ukoo wa Usuba unaendeleza yale yale kwa sura ya upole: babu anataka mjukuu, binamu yake Arata anataka mtu wa kumlinda, na wote wanamtaka akae kwao kabla ya kumuuliza anataka kukaa wapi.

## Msimu wa pili

Mavyaa wa Miyo, Fuyu, ana shida gani?

Fuyu ni mama wa Kiyoka. Anamkataa Miyo mara tu wanapokutana kwenye nyumba yao ya mapumziko. Anamdharau kwa malezi yake, kwa elimu yake, kwa ukoo wake. Wake wa watu wanaotazama hunyamaza kabisa katika sehemu hizo, kisha wanaongea wote kwa pamoja.

Fuyu ana ulimi mkali, lakini msitazame ulimi wake tu. Mtazameni mume wake, Tadakiyo, mtu mpole, mwenye tabasamu, anayemwacha mke wake aseme atakalo. Nimelieleza jambo hili kwa urefu katika jibu la Shinichi, na hapa linarudi likiwa limevaa nguo nzuri. Kiyoka alilelewa na Yurie, mtumishi, na baridi iliyopo kati yake na mama yake haikuanza na Miyo.

Kwa nini Miyo anakataa Kiyoka amtetee kwa mama yake?

Kiyoka yuko tayari kuvunja uhusiano na mama yake siku ile ile. Miyo anamwomba amwachie, anataka kujaribu mwenyewe. Wengine huona amerudi kuwa yule wa zamani, mnyonge. Mimi naona kinyume. Kwa Kanoko alivumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Kwa Fuyu ana mume mtarajiwa anayemtetea, ana nyumba ya kurudi, na bado anachagua kubaki na kusema anachokitaka: aitwe mtoto wa nyumba ile. Kuvumilia kwa hiari yako na kuvumilia kwa kukosa pa kwenda havifanani hata kama kwa nje vinaonekana sawa.

Hazuki ni wifi wa kweli au wa hadithi tu?

Wapo mawifi kama yeye, tuseme alhamdulillahi. Hazuki ni dada wa Kiyoka, ameachika na ana mtoto wa kiume. Anamfundisha Miyo mwenendo wa watu wakubwa bila kumdhihaki. Hadithi haimtendei kama mwanamke aliyeharibikiwa kwa kuwa ameachika, na wanawake walioachika wanaotazama wamenitajia hilo zaidi ya mara moja.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni mama wa kambo. Anime hii inaniumiza.

Una haki ya kuumia. Hadithi inampa Kanoko ubaya mwingi na nafasi ndogo, na watoto wanaweza kutoka hapo wakikutazama kwa jicho jingine. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mama wa kweli wa Miyo katika hadithi hii, kwa mikono na kwa machozi, walikuwa Hana na Yurie, na wote wawili hawakumzaa. Itazame pamoja na mtoto wako, na Hana akitokea simamisha simu mzungumze. Na mume wako akiwepo aketi hapo, maana yake yamo pia.

Baba yangu haruhusu niitazame. Nifanyeje?

Muulize sababu, kwa adabu, na umwombe atazame nawe sehemu moja. Akikataa, usitazame kwa kujificha. Hadithi haikimbii.

Nyumbani kwetu yanatokea yanayofanana na ya Miyo. Nimwambie nani?

Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini leo hii: shangazi, bibi, mwalimu wa shule, ustadhi, jirani wa mlango wa pili. Akikwambia uvumilie, mwambie mwingine. Miyo alikosa mtu wa pili wa kumwambia baada ya Hana kuondolewa.

Kama uko chini ya miaka 18, kupiga 116 ni bure, na ni simu ya kusaidia watoto nchini kote. Kwa aliyepigwa au kudhalilishwa kijinsia, mkubwa au mdogo, ipo 1195, nayo ni bure. Lamu mjini yupo pia afisa wa watoto wa serikali, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa uwezo wa kuingilia. Ikiwa shida ni ndoa unayolazimishwa, mahakama ya kadhi ipo hapa hapa, na una haki ya kwenda mwenyewe kueleza kwamba hukuridhia. Nenda mapema kabla ya nikahi kufungwa, na uende na mtu wa kukusindikiza.